Ukucha

Zamu ya kwanza Tukuyu huanza na ukungu.
Mlima hatuuoni; tunauamini tu,
kama tunavyoamini kuna mji uitwao Rotadamu
ambako watu hupaka parachichi kwenye mkate
asubuhi, wakiwa na haraka.

Kazi yangu ni macho na vidole.
Mkanda unapita, nami nahesabu:
kumi na sita kwa boksi, kumi na nane, ishirini.
Lenye kovu la tawi, toa.
Lililochomwa na mdudu, toa.
Lisilo na kikonyo, toa.
Lililonenepa kupita kiasi nalo toa,
maana huko liendako hata unono una kipimo.

Yanayotolewa ni rijekti.
Hayo hununua sisi, jioni, kwa ndoo,
na yakianza kunuka
Mama Tumpale huwapelekea nguruwe wake.

Mwaka ule baba aling'oa migomba
aliyoachiwa na babaye
akapanda hasi.
Hasi! Jina kama la somo la hesabu.
Nilicheka, yeye hakucheka.
Alikuwa amekopa.

Miche ikashika. Ikazaa. Bei ikapanda kilima,
watu wakaezeka bati la rangi,
mwingine akanunua pikipiki kabla hajavuna.
Halafu Jumanne moja karani Lwitiko
akasimama mlangoni, simu ikimmulika kidevu:
"Peru wamewahi."
Basi, maneno mawili.
Meli zao zimetangulia, maghala yamejaa,
na bei yetu ikashuka
kama lori lililokata breki mteremko wa Igawilo.

Peru! Mvua imenyesha kwao,
sisi ndio tumelowa.

Tangu siku hiyo namfikiria mwanamke wa huko,
amesimama mbele ya mkanda kama huu,
vidole vyake vinanuka utomvu,
naye mwaka mwingine ataambiwa,
"Tanzania wamewahi,"
asijue Tanzania ni mlima au ni mtu.

Sisemi biashara ni mbaya.
Chapati yetu ya Jumapili
ina nasaba ndefu kuliko ukoo wetu:
ngano imetoka Urusi, mafuta Malaysia,
chumvi sijui, sukari Lwitiko anasema Brazili.
Mchele wa Kyela unatupita mlangoni
kwenda kulala Lusaka,
na mahindi ya mjomba Ambakisye yalikaa Tunduma siku tisa
yakingoja muhuri,
hadi yakaota ndani ya gunia.
Yalichoka kungoja, yakaamua kuwa shamba.

Mama hana meno ya mbele.
Anataka kitu laini, kisicho na doa la kuoza,
na hajawahi kuonja hata moja
la daraja la kwanza kutoka mti wake mwenyewe.

Basi Ijumaa lilipita moja mbele yangu,
zito, la kijani kibivu, halina hata alama.
Kumi na nane kwa boksi, sawasawa.
Nikalishika kama ninavyoyashika yote.
Ukucha wa kidole gumba
ukateleza.

Toa.

Sikuiba. Jioni nililinunua kwenye ndoo
na risiti ninayo.
Siku sita likakaa ndani ya debe la mchele,
wenzake hawajatoka hata bandarini,
mpaka likawa jeusi, likakubali kubonyezwa.

Mama alilipasua kwa kijiko, akatia chumvi.
"Ndaga," akasema, mdomo umejaa.
Kisha akaligeuza ganda kwenye taa,
akaliangalia lile kovu jembamba, lililopinda kama mwezi,
akauangalia mkono wangu.

Akala mpaka likaisha.
Ganda akaliweka ukingoni mwa sahani,
kovu likiwa chini.